Dobi Aliyekataa Kuanika Makochi Yake

Katika nyumba ya Mzee Mkunjo kulikuwa na chumba kimoja kilichotunzwa kuliko watu. Ilikuwa sebule ya mbele. Humo mlikuwa na makochi mekundu yaliyokuwa bado yamevaa nailoni yaliyokuja nayo kutoka dukani, zulia lisilokanyagwa, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijapata kuonja chai, na mapazia mazito yaliyofungwa mchana kutwa ili jua lisije likala rangi ya makochi. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mzee, chini ya fulana. Mkewe alizoea kuwaambia majirani kwamba yule bwana akifa watamzika na ufunguo wake, na watakaokuja kumzika watakaa uani kama kawaida.

Chumba kile kilikuwa jasho lake. Mzee alikuwa dobi, wa wale wa pasi ya mkaa, na jina la Mkunjo alilipata kwa sababu suruali aliyoipiga pasi ungeweza kukatia kitunguu. Dobi wa zama zile alikuwa mtu. Alijua ni nani mtaani anavaa shati jipya juu ya fulana iliyotoboka, na hakusema. Leo watu wanatumbukiza nguo katika sanduku linalonguruma, wanazitoa zinanuka maua yasiyopata kuota popote duniani, wanazivaa na makunyanzi yake, halafu wanajiona wameendelea.

Alikuwa na sheria moja isiyovunjwa kwa mkubwa wala mdogo: kitu kibichi hakikunjwi. Bosi mmoja wa ofisi alipata kumjia akihema, anataka shati lake hivyo hivyo, lina unyevu kidogo tu kwenye kola. Mzee alimkatalia. Alimweleza kwamba shati likikunjwa na unyevu litaota kawa, vile vidoa vyeusi vya ukungu, na kawa haitoki mpaka kitambaa nacho kikubali kutoka. Bosi alikwenda kazini na koti juu ya fulana, na akarudi kuwa mteja wake miaka yote.

Lakini mganga hajigangi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya kuta za chokaa, na juu ya kila dirisha aliyeijenga alikuwa ameacha vitundu vya hewa. Wajenzi wa wakati huo walijua kwamba nyumba nayo inapumua. Siku makochi yalipoletwa, Mzee Mkunjo alipanda ngazi na kuviziba vitundu vya sebuleni kwa saruji, visije vikaingiza vumbi. Kisha ukuta akaupaka rangi ya mafuta inayong'aa. Mkewe alimuuliza chumba kitapumulia wapi. Akajibu kwamba chumba hakina pua.

Maji yaliingia wakati wamekwenda kuzika kwa ndugu zake mke. Ukuta uliotenganisha sebule na bafu ulikuwa na bomba la tangu nyumba ijengwe, nalo likaona huo ndio wakati mzuri wa kupasuka. Waliporudi, maji yalikuwa yanatoka chini ya mlango wa mbele na kushuka ngazi taratibu, kama mwenyeji anayewapokea.

Mafundi bomba walikuja, wakaziba. Mzee na mkewe walichota maji, wakakamua zulia, wakapangusa sakafu mpaka viuno vikawakataa. Kisha mke akasema neno la akili: vitu vyote vitoke nje vikapigwe jua, mapazia yafunguliwe, na chumba kiachwe wazi mpaka ukuta ukauke.

"Nje?" Mzee alishtuka. "Watu waone?"

"Waone nini, baba watoto? Makochi? Si ndiyo uliyonunua waone?"

Mtaa ule ulikuwa na kanuni zake. Vitu vya ndani vikionekana nje, ilikuwa moja kati ya mambo matatu: mpangaji kafukuzwa, mwenye nyumba anapigwa mnada, au baba kafa na watoto wanagombea kabati. Mzee hakutaka kuwa hata mmoja wao. Alirudisha zulia mahali pake, akayasogeza makochi ukutani, akayafunika nailoni zake vizuri, akavuta mapazia. Alisema chumba kimepata mshtuko, kiachwe kipumzike. Akafunga.

Dobi huyo huyo. Alilikunja shati bichi lenye ukubwa wa chumba, akaliweka kabatini, na ufunguo akautia shingoni.

Harufu ilianza kwa adabu. Kwanza ilikaa kwenye tundu la ufunguo. Baadaye ikatoka ikazoea ukumbi, na mwisho ikawa inakuja mezani wakati wa kula. Mzee alisema ni viatu. Viatu vikatolewa nje. Akasema ni paka. Mkewe akamkumbusha kwamba hawana paka.

Hapo ndipo binti yao alipopiga simu. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa pande zote mbili, kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa anaendelea vizuri, ila mapafu yalikuwa bado mepesi, na daktari alikataza moshi, vumbi na nyumba yenye ukungu. Mumewe alikuwa anafanya kazi mbali, kwa hiyo alitaka kuja kukaa na mama yake mpaka mtoto apate nguvu. Angefika Jumamosi ya juma lililofuata. Akauliza, je, nyumba ni kavu? Mama mtu hakuwa na mazoea ya kusema uongo, akamkabidhi simu yule mwenye mazoea hayo.

"Kavu kama biskuti, mwanangu," alisema Mzee Mkunjo.

Binti akasema afadhali, maana isingekuwa hivyo angekwenda kwa wakwe zake.

Neno hilo lilimchoma mzee kama cheche ya pasi. Mkwe wake, baba wa mume wa binti, alikuwa na duka la vigae, na nyumba yake ilikuwa na vigae sakafuni, ukutani, barazani na getini. Mzee alisema pale amebaki mbwa tu kupigwa vigae. Mjukuu wa kwanza akalelewe kule, kwenye nyumba inayofanana na bafu? Wamzoee wao, wamwone wao akicheka mara ya kwanza, kisha yeye aletewe picha kwenye simu? Hapana.

Akaifungua sebule. Ukuta wa bafu ulikuwa umeota vidoa vyeusi kutoka chini hadi usawa wa kiuno, na nyuma ya makochi vilikuwa vimekutana na kuwa nchi nzima. Mzee alitazama, akafunga mlango polepole, kisha akamwita fundi wa rangi. Fundi akashauri ukuta ukauke kwanza. Mzee akamwambia hakumwita kushauri. Ukuta ukapigwa rangi ya mafuta juu ya ukungu, ukang'aa, na mzee akamwonyesha mkewe kwa mkono mzima, kama mtu aliyejenga daraja.

Baada ya siku chache rangi ilianza kuvimba. Ilitoa malengelenge makubwa kwa madogo, na moja lilipopasuka, ukungu ulichungulia nje ukiwa na afya kuliko mwanzo. Mke alisema ukuta sasa una tetekuwanga, na kwamba pengine wamwite nesi.

Kama vile mambo hayajaharibika vya kutosha, mkwe wa vigae naye akatuma habari kwamba angepita kusalimia na kuona mahali mjukuu atakapolala. Alikuja amevaa suruali nyeupe ya kitani. Mzee alikuwa amevuta mapazia ili ukuta usionekane, na kwa heshima ya mkwe alifanya jambo ambalo hakupata kumfanyia binadamu yeyote: alilivua kochi moja nailoni. Alilivua gizani, kwa haraka, hakutazama.

Mkwe akakaa. Akasifu chumba. Pua ikamcheza.

"Mkwe, leo mnapika uyoga?"

"Hatupiki," alisema mke wa mzee kutoka mlangoni. "Tunafuga."

Mzee alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe, akageuza maneno upande wa bei ya saruji. Walizungumza bei ya saruji mpaka ikaisha. Mkwe aliposimama kuaga, alipita kwenye mwanga wa mlangoni, na nyuma ya suruali yake palikuwa na mabaka mawili meusi yenye ukingo wa kijani, kila upande na lake. Mzee Mkunjo aliyaona. Na kabla mwenye nyumba hajamzuia, dobi aliyekuwa ndani yake alisema:

"Hiyo ni kawa."

"Kawa iko wapi?"

"Kwenye suruali yako, mkwe. Imetoka kwenye kochi langu."

Mkwe alijizungusha ajitazame nyuma, akazunguka tena upande wa pili, kama mbwa anayetafuta mkia. Angetukana ingekuwa nafuu. Badala yake alimshika mwenzake bega, akasema kwa upole: "Basi mtoto atakuja kwangu, mkwe. Si kwa ubaya. Kwangu ni kukavu."

Mzee alinyoosha mkono. "Vua," alisema. "Ikilala hivyo imekufa. Huwezi kutoka kwangu na hiyo."

Wakabishana, lakini katika mambo ya nguo Mzee Mkunjo hakuwa mtu wa kubishiwa. Mkwe mwenye duka la vigae alirudi kwake akiendesha gari amejifunga shuka ya kitanda yenye maua, na inasemekana alisalimiwa na kila mtu aliyemjua.

Mzee aliifua ile suruali jioni hiyo hiyo. Aliisugua kwa sabuni, akaisuuza, akaitazama kwenye mwanga, akaisugua tena. Mkewe, ambaye angeweza kusema mengi, aliyahifadhi. Alichosema ni kimoja tu, wakati anapita na ndoo: "Shati la yule bosi ulilikataa kwa unyevu wa kola."

Asubuhi jua lilipotoka, aliianika suruali. Akasimama anaitazama ikipepea, nyeupe, peke yake kwenye kamba ndefu. Kisha akauvua ufunguo shingoni, akampa mkewe.

"Toa vyote," alisema. "Mpaka vikombe."

Wakafunika pua na midomo kwa vitambaa vibichi, wakafungua madirisha, wakaanza. Zulia lilipoinuliwa, upande wa chini ulikuwa na manyoya ambayo kiwanda hakikuyaweka. Hilo halikuwa na dawa, likaenda kutupwa. Nailoni za makochi zilipochanwa, kila kochi lilikuwa limeota ndevu. Yakapangwa uani na mbele ya nyumba, mito ikasimamishwa mmoja mmoja kama wanafunzi waliochelewa, na mzee akaingia kazini na brashi na maji ya sabuni, akiipiga kila mshono, akigeuza kila upande ulifuate jua.

Mtaa haukuchelewa. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yao mshonaji, na chupa ya chai na macho mekundu.

"Jirani yangu," alisema, "wamewapa muda gani wa kuhama?"

Nyuma yake alikuja dalali wa minada, ambaye hakuitwa na mtu ila na pua yake. Alizunguka makochi, akagonga miguu ya kabati, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu, akasema kwa hali ile bei itakuwa ya huruma. Watu wakazidi kusimama. Mmoja alikuwa tayari ameshalikalia kochi analijaribu. Ndicho kitu mzee alichokiogopa tangu mwanzo, na sasa kilikuwa kinamtazama usoni na vikombe vyake mkononi.

"Waambie ukweli, mzee," alisema mkewe.

Mzee Mkunjo alishusha kitambaa cha pua. "Hakuna mnada," alisema. "Tumeota ukungu. Bomba lilipasuka, nikafunga chumba na maji yake, nikapaka rangi juu. Sasa tunaanika."

Watu walitazamana kama darasa lililoulizwa nani kavunja kioo. Halafu mshonaji, kwa sauti ndogo, akasema hata kwake upo, nyuma ya kabati la nguo. Mtu mwingine akasema kwao uko chini ya kitanda, ila mkewe amekataza kuutaja. Yule aliyekalia kochi akakiri kwamba dari ya jikoni kwake imekuwa nyeusi tangu mvua za mwaka jana, na wageni wamekuwa wakiambiwa ni moshi.

Kulikuwa na wakati ambapo jambo hili halikuhitaji ujasiri. Kila msimu wa mvua ulipokwisha, magodoro yalitoka nje nyumba hadi nyumba, watu wakayapiga fimbo wakitaniana, chokaa mpya ikapakwa, na hakuna aliyehesabu kitanda cha mwenzake. Kisha zikaja sebule za kufungwa na rangi za kung'aa, na kila mtu akaanza kuoza kivyake, kwa siri. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu watoto wa mtaa ule wawe wazazi, kabla ya adhuhuri magodoro yalikuwa juu ya kuta, mapazia kwenye kamba, makabati yamefunguliwa midomo barabarani. Dalali alikimbia huku na huko, hajui aanzie wapi. Alidhani mtaa mzima unauzwa.

Mchana mzee alimleta mwashi, mtu mzima asiye na maneno mengi. Mwashi aliutazama ukuta, akamtazama mzee, akauliza ni nani aliyepaka rangi ya mafuta juu ya maji. Mzee akasema ni habari ndefu. Mwashi akabomoa plasta yote iliyolowa na kupita alama ya maji kwenda juu, hata palipoonekana pazima, mpaka matofali yakabaki uchi. Alipanda ngazi akazibua vitundu vya hewa. Kisha akabandika kipande cha mfuko wa nailoni juu ya matofali, akakibana kingo zote, na akaeleza: kila asubuhi ukibandue, ukikuta matone kwa ndani, ukuta bado unatoa maji, usiuguse. Ukikuta pakavu siku baada ya siku, niite nipige plasta. Na makochi yakirudi, yakae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita.

Jumamosi binti alifika. Akashuka kwenye gari na mtoto kifuani, mdogo kama mkate, akapita katikati ya makochi, akaingia sebuleni. Upepo ulikuwa unavuma humo kutoka dirisha hadi dirisha, sakafu safi, ukuta mwekundu wa matofali. Alinusa. Akamgeukia baba yake.

"Kama biskuti?"

Mzee alikuwa amekwisha kufikiri la kusema. Angeweza kusema unyevu umebaki kidogo tu, tena upande mmoja. Asubuhi ile alikuwa amebandua nailoni, na matone yalikuwa machache sana, kama jasho la mtu asiyefanya kazi. Mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, isiyofika mbali.

"Bado kubichi," alisema Mzee Mkunjo. "Nenda kwa wakwe zako, mwanangu. Mimi nitakwambia pakikauka."

Binti alimbusu shavuni, akarudi kwenye gari. Mzee alikuwa amejiandaa kwa hilo. Ambalo hakujiandaa nalo ni kumwona mkewe akitoka nyuma ya nyumba na begi lililofungwa tayari.

"Na wewe wapi?"

"Mtoto atasaidiwa na nani, vigae?" alijibu mkewe, akapanda.

Akabaki na ukuta. Kila asubuhi alibandua nailoni, na kila asubuhi simu ililia, binti akauliza, naye akajibu "bado" kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Picha zilikuja. Mjukuu anapiga miayo, juu ya vigae. Mjukuu ameshika kidole cha mkwe. Siku ilipokuja picha ambayo mtoto anaonekana kama anacheka, mzee aliitazama mpaka simu ikazima yenyewe. Mkewe alimtumia ujumbe kwamba ni gesi tu. Hakufarijika. Jioni majirani walizoea kuja kukaa kwenye makochi yake mbele ya nyumba, wakachambua mambo ya dunia, na mzee akawa anawapangusia pa kukaa huku akilalamika kwamba wanayamaliza.

Hatimaye matone yakaisha, yakaisha kweli. Mwashi alikuja akapiga plasta nyembamba ya chokaa, akaiacha ikauke nayo, akabandika tena nailoni yake, akaibandua, akasema: "Haya." Mzee alivaa suruali yenye mkunjo wa kukatia kitunguu, akachukua suruali nyeupe ya mkwe iliyofungwa kwenye karatasi, isiyo na doa hata la kusingiziwa, akaenda mwenyewe.

Alipotangaza kwamba ukuta umekauka, hakuna aliyeinuka. Binti alimtazama mama yake. Mama alimtazama mkwe. Mkwe, ambaye alikuwa amempakata mtoto na hakuonekana kuwa na haraka ya kumwachia, aliuliza mwashi amesema nini.

Wakaenda wote kuhakiki. Binti aliweka kiganja ukutani, juu, chini, pembeni. Mama alinusa kona zote. Mkwe alimkabidhi mtoto kwa mamaye, akapiga magoti na suruali yake nyeupe aliyorudishiwa, akabandika shavu kwenye plasta, akasikiliza, akasogea, akabandika tena. Aliutafuta unyevu ukuta mzima kama mtu aliyeangusha sindano, na moyoni alitamani aupate, lakini alikuwa mtu wa haki.

"Kukavu," alisema, na ikamuuma.

Mtoto akalazwa katikati ya chumba, kwenye kitanda kidogo kilichowekwa mbali na kuta zote nne. Mapazia yalikuwa yamefunguliwa, madirisha wazi, na kwa madirisha hayo ikaingia cherehani ya mshonaji, mabishano ya watu waliokaa kwenye makochi nje, na vumbi dogo la barabarani lililotua pale pale kwenye kioo cha kabati. Mzee Mkunjo aliliona. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye dirisha.

"Baba," alisema binti.

"Nalifungua zaidi," alisema mzee, na kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama, ikambidi alifungue zaidi.